Mama Neli na Jumamosi zetu za baiskeli, Mbozi mpaka Tunduma, enzi za Mwingereza

Wakuu, shikamooni kwa wale mnaonizidi umri, ingawa nadhani humu hamtakuwa wengi. Wengine wote, marahaba.

Mimi ni msomaji wa kimya wa siku nyingi. Juzi nilipitia uzi wa kijana mmoja wa huko mjini, analalamika kuhusu grupu lao la baiskeli la wikendi. Anasema vijana wanajiunga kwa mbwembwe, kofia mpya, miwani mipya, baada ya muda mfupi hawaonekani. Wanaobaki ni watu wazima wa miaka hamsini na zaidi, wenye vitambi na magoti mabovu. Akauliza, tatizo ni nini?

Nilicheka peke yangu. Kisha sikucheka tena, maana nilimkumbuka mtu.

Nitakayoandika hapa niliyaona kwa macho yangu. Majina nimeyabadilisha kidogo kwa heshima ya watoto wao. Mengine ni kweli tupu. Naandika taratibu kwa kidole kimoja, mnivumilie.

Tuanzie Mbozi Mission, miaka ya hamsini mwanzoni, Tanganyika bado iko chini ya Mwingereza.

Mimi nilikuwa kijana wa karakana ya useremala pale misheni. Fundi wangu aliitwa Petro. Alikuwa amepigana vita vya Waingereza huko mbali, akarudi na makoti mawili, kaptula za kaki za jeshi na pesa zilizomnunulia baiskeli. Nyeusi, nzito kama ng'ombe, kengele yake unaisikia bonde zima.

Zamani zile baiskeli ilikuwa mali, wakuu. Msilinganishe na leo. Ilibeba magunia ya kahawa, ilibeba mgonjwa, ilibeba bibi harusi. Mtu kuipanda tu ili azunguke halafu arudi alikotoka, bila mzigo, bila shughuli, alionekana ana kasoro kichwani.

Sisi tulikuwa na kasoro hiyo. Tulikuwa watatu. Mimi, Gidioni aliyekuwa mwashi, na Stefano aliyekuwa karani wa mzani wa kahawa. Kila Jumamosi kazi zikiisha mchana tulikutana penye daraja la mbao chini ya misheni, tukaondoka. Leo tunaenda Ruanda, kijiji cha huku kwetu Mbozi, wiki ijayo tunaenda kuliangalia lile jiwe kubwa la chuma lililoanguka kutoka mbinguni, wiki nyingine Vwawa na kurudi. Hakuna tulichobeba. Tulikuwa tunashindana tu kupanda vilima.

Gidioni alikuwa hashikiki. Mapaja kama magogo.

Basi, fundi Petro akafariki. Homa ya siku chache tu. Akamwacha mkewe, Mama Neli, mwanamke wa umri wa kuitwa bibi tayari. Neli mwenyewe alishaolewa, ana watoto. Mama Neli alikuwa mfupi, mnene wa kiasi, anatembea kama mtu anayehesabu mawe.

Matanga yalipoisha, mdogo wake marehemu alikuja kutoka Tunduma. Aliitwa Simioni, mfanyabiashara wa chumvi. Kumrithi mjane kanisa lilikataa, lakini kurithi mali hakuna aliyemkataza mtu. Simioni alikuja kuchukua baiskeli ya kaka yake.

Nilikuwepo, maana nilikwenda kurudisha randa ya marehemu. Baiskeli imeegemezwa ukutani, na juu yake Mama Neli ameanika shuka.

"Shemeji," Simioni akasema kwa upole tu, "hiki chombo wewe hakikufai."

"Ninakitumia," Mama Neli akajibu.

"Kwa kuanikia shuka?"

Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka, wakuu, mnisamehe. Mama Neli hakucheka. Akaliondoa shuka, akalikunja vizuri, akaliweka begani.

Simioni hakuwa mtu mbaya, nataka mlijue hilo mapema. Lakini alipenda utani mbele za watu. Akasema, "Basi sikia. Siku nitakapokuona umefika nayo Tunduma, miguu yako mwenyewe kwenye pedeli, sitaiulizia tena maisha yangu yote. Mvua za kwanza zikianguka hujafika, nakuja kuichukua."

Mama Neli akawageukia waliokuwepo. "Mmesikia?"

Tukasema tumesikia.

Jumamosi iliyofuata tulimkuta darajani kabla yetu. Amevaa gauni pana la kitenge, na chini ya gauni, kaptula ya kaki ya marehemu imemfika chini ya magoti. Ameishika baiskeli kwa pembe kama anayepeleka mbuzi mnadani.

Gidioni akaniambia kwa sauti ya chini, "Huyu atakuja Jumamosi mbili."

Hakujua hata kuipanda. Tulimshikia tandiko nyuma, tukakimbia naye. Alianguka kwenye nyasi, akaanguka kwenye mfereji, siku moja aliingia moja kwa moja kwenye vichanja vya kahawa ya watu na kuimwaga yote. Akakaa chini kuokota punje moja moja mpaka zikaisha, kisha akaomba tumshikie tena.

Sisi tulikuwa tunachoka kumshika kabla yeye hajachoka kuanguka.

Maneno yalikuwa mengi. Mama mmoja wa kanisa alipeleka habari kwa mchungaji kwamba mjane wa Petro anazurura na vijana. Mchungaji akauliza, ameonekana akifanya dhambi gani? Wakasema, hapana, ameonekana akipanda kilima. Mchungaji akasema basi mwacheni apande. Habari hiyo ilizunguka misheni nzima, na Mama Neli mwenyewe alikuwa anaisimulia huku machozi ya kicheko yanamtoka.

Alipojua kuendesha, tatizo likawa mwendo. Wakuu, alikuwa mzito! Sisi tunafika kileleni, tunakaa chini, tunakula mahindi ya kuchoma, Stefano anapiga filimbi. Ndipo tunaona kofia ya majani inachomoza kule chini. Anafika, na sisi tayari tumeshachoka kukaa, tunapanda tunaondoka. Maana yake ni kwamba yeye hakupumzika hata siku moja.

Stefano alimwonea huruma. "Mama, kaa kidogo."

"Nimekaa njia nzima, mwanangu," anasema huku anagonga tandiko.

Siku moja nilibaki nyuma makusudi nimsindikize. Nikamuuliza, mama, kwa nini usimwachie Simioni hii baiskeli, yaishe? Neli anakutunza, kahawa unayo.

Akakwepa jiwe barabarani. Kisha akasema, "Petro alinipakia nyuma kwenye keria miaka yote ile. Nimekwenda Vwawa, nimekwenda Igamba, nimefika mpaka Songwe mtoni. Unajua nimeona nini? Mgongo wa Petro. Jasho lake kwenye shati. Mume wangu nilimpenda. Lakini nilikuwa najiuliza huko mbele kunaonekanaje."

Nilikuwa kijana, nilidhani ni maneno ya majonzi tu.

Tulipanga safari ya Tunduma mwishoni mwa kiangazi, vumbi limekuwa jekundu na mawingu yameanza kujikusanya upande wa Rodeshia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Tuliondoka alfajiri. Mama Neli alibeba kibuyu cha togwa, viazi vya kuchemsha na chumvi kidogo kwenye kitambaa.

Barabara kuu ya wakati ule ilikuwa ya udongo, ina mikunjo kama bati. Ukienda polepole inakutikisa meno, ukienda haraka inakutikisa utumbo. Lori likipita, unasimama pembeni na kufumba macho mpaka vumbi litulie.

Gidioni aliondoka kama risasi. Alikuwa amewaambia watu pale misheni kwamba atafika Tunduma kabla jua halijapanda, na atamsubiri mama huko huku ameshakula. Stefano naye akamfuata. Mimi nilikuwa katikati, sijui niwafukuze au nimsubiri mama.

Baada ya Vwawa nilimkuta Stefano ameketi pembeni, tairi limepasuka pabaya, kiraka hakishiki. Akasema nendeni, mimi nitaomba lori linirudishe. Alikuwa anatabasamu, na kusema kweli nilimwona kama mtu aliyepata ruhusa.

Mama Neli akapita. Akamwachia viazi viwili, akaendelea.

Tulipokaribia Mpemba, jua la mchana limeshika kichwa, tukamkuta Gidioni. Amelala chali kwenye kivuli chembamba cha kichaka, baiskeli imeanguka mbali naye. Misuli imembana mapaja yote mawili. Yule Gidioni wa kupanda vilima akiimba, alikuwa analia, wakuu. Analia na kujificha uso kwa mkono.

Mama Neli alishuka. Hakusema neno la dhihaka hata moja. Akakoroga chumvi kwenye togwa, akamnywesha. Akapiga magoti kwenye vumbi, akamkanda miguu kama anavyomkanda mtoto mchanga, huku anamwuliza habari za nyumba anayoijenga, madirisha yataangalia wapi. Gidioni akaanza kujibu, sauti inamkatika. Polepole misuli ikaachia.

"Mama, mimi siwezi tena," akasema. "Tuendelee na safari kesho."

"Pumzika, baba. Kuna watu wema hapa Mpemba." Akajifuta mikono kwenye gauni. "Mimi naendelea."

Gidioni akaniangalia mimi. Nilielewa. Alitaka nibaki naye ili isiwe yeye tu aliyeshindwa. Nami miguu ilikuwa inatetemeka, ningebaki kwa furaha. Lakini nilimwangalia yule mama anavyoinua gauni kupitisha mguu juu ya bomba la baiskeli, mara ya kwanza ameshindwa, mara ya pili ameshindwa, mara ya tatu amekaa.

Nikamfuata.

Upepo ulikuwa unatupiga usoni. Nikafanya kama tulivyozoea vijana, nikapita mbele yake ili nimkingie upepo. Akaniita kwa sauti kali ambayo sijawahi kuisikia kwake.

"Lameki! Kaa nyuma yangu. Usinizibie."

Ndipo nikaelewa yale maneno ya mgongo wa Petro. Nikarudi nyuma. Njia yote iliyobaki nilikwenda nyuma yake, na kila kilichokuja mbele yetu, mti, mbuzi, kilima, kibanda cha kwanza cha Tunduma, yeye ndiye aliyekiona kwanza.

Kwenye kilima cha mwisho alishuka akasukuma. Akapanda tena. Akashuka. Akapanda. Hakuona aibu kushuka. Sisi vijana tulikuwa tunaona kushuka ni kushindwa.

Sasa sikieni kisa. Tumeingia Tunduma, watoto wanatukimbilia, tumefika dukani kwa Simioni. Pamefungwa. Jirani anasema, amevuka mpaka asubuhi, yuko gulioni Nakonde anauza chumvi.

Mimi nilikaa chini palepale. Nikasema mama, tumefika, mashahidi wapo, watamwambia akirudi.

Akasema, "Alisema siku atakayoniona. Sijaonekana bado."

Mpaka wenyewe ulikuwa kitu kidogo tu siku zile, askari mmoja na gogo la kuzuia magari. Watu walivuka kwenda kwa shangazi zao na kurudi. Askari alimwangalia yule mama mwekundu wa vumbi kuanzia nyusi mpaka vidole, akainua gogo bila kuuliza chochote.

Gulioni Nakonde, akina mama wauza samaki walimwona wa kwanza. "Mayo! Mayo!" yaani mama kwa Kibemba, wakaanza kupiga vigelegele, hata hawajui ni nani. Simioni alikuwa amechuchumaa anapima chumvi kwa kopo. Akainua kichwa. Kopo likabaki hewani.

Mama Neli aliendesha mpaka mbele ya chumvi yake, akafunga breki, akasimama, mguu mmoja chini.

Simioni akanyanyuka. Akaligusa tairi, akaliachia. Nadhani alikuwa anatafuta utani wa kujitetea mbele ya wateja. Akasema, "Lakini shemeji, mimi nilisema Tunduma."

"Nimepita Tunduma, shemeji. Hukuwepo."

Gulio lote lilicheka, Wabemba, Wanamwanga, Wanyiha. Na Simioni naye akacheka, akacheka mpaka akakaa juu ya gunia lake. Halafu, katikati ya kicheko, uso ukabadilika. Akaanza kulia. Mwanamume mzima, juu ya gunia la chumvi.

"Ni yako," akasema. "Ilikuwa yako tangu zamani. Mimi si kwamba sina cha kupanda. Nilitaka tu kitu alichokishika kaka. Sikumzika, mnajua. Habari zilinifikia ameshazikwa."

Hilo hatukulijua. Wala hakuna aliyewahi kumwuliza.

Mama Neli aliegemeza baiskeli kwenye gunia jingine. Kisha akaniambia nimpe spana. Akaifungua kengele kutoka kwenye usukani, akaipangusa kwa gauni, akaiweka kiganjani mwa Simioni.

"Alikuwa anaipiga kwa kidole gumba akifika pale kwenye migomba, nijue niweke maji ya kuoga," akasema. "Kidole chake kimekaa hapa kuliko mahali pengine popote."

Usiku huo tulilala kwa Simioni, tukala samaki mpaka basi. Kesho yake tulirudi taratibu. Gidioni tulimpitia Mpemba, akapanda kimya.

Sasa ndio tunafika kwenye kile alichouliza yule kijana kwenye uzi wake.

Mimi nilidhani yameisha. Baiskeli amepata, amewanyamazisha waliomcheka. Jumamosi iliyofuata nilichelewa kwenda darajani, nikamkuta amekaa ukingoni na kofia yake ya majani.

"Leo tunaenda wapi?" akaniuliza.

Gidioni hakuja. Alikuja mara moja tu baada ya hapo, kisha akapata kazi kwenye migodi ya shaba kule Rodeshia. Stefano alioa, na mwenye mke mpya Jumamosi yake ina mwenyewe. Mimi nilikwenda naye Jumamosi kadhaa, halafu kahawa ikakomaa, halafu mvua, halafu nikasema wiki ijayo. Wiki ijayo ikazaa wiki ijayo nyingine. Hakuna siku niliyoamua kuacha. Nami mwishowe nikaenda huko huko kwenye shaba kutafuta maisha.

Miaka ikapita. Nilirudi kabla ya Uhuru, nimekaa juu ya mizigo kwenye lori, na kadiri tulivyokaribia Vwawa nilikuwa naangalia kila mti. Mbele yetu kukawa na baiskeli, inakwenda pembeni polepole. Dereva akapiga honi. Aliyekuwa anaendesha hakutetereka wala hakugeuka, alisogea tu kiasi kinachotosha.

Nilipiga ngumi kwenye bodi la lori mpaka likasimama. Nikashusha sanduku langu, nikasubiri barabarani.

Alikuwa amekonda. Nywele zimekuwa nyeupe. Alifunga breki mbele yangu, akanikazia macho, akanitambua.

"Mama," nikasema, "bado tu?"

"Bado nini?"

Nikasema, yaani bado unaendesha, sisi wote tuliacha.

Akashuka, tukatembea pamoja, sanduku langu juu ya keria yake. Akasema maneno haya, na nimeyatunza kuliko mahubiri mengi.

"Ninyi mlikuwa mnataka kujua kama mnaweza. Mkishajua mnaweza, mnaacha, na mkijua hamwezi mnaacha pia. Gidioni aliacha siku ile pale Mpemba. Mimi nilijua siwezi tangu siku ya kwanza, mlinicheka mkiniona. Sasa kitu gani kingeniachisha? Nilibaki na barabara tu, na barabara naipenda."

Wakuu, nimeishi miaka mingi baada ya hapo. Nimefanya kazi, nimezika, nimelea. Na kila nilipoona kijana anaanza kitu kwa moto mkubwa, iwe kwaya, iwe shamba, iwe ndoa, nilijiuliza kimoyomoyo, anakipenda au anajipima?

Si kwamba wazee wana moyo kuliko vijana. Wapo wazee wanaoacha haraka kuliko moshi. Nadhani ni kwamba ukishafika umri fulani, huna tena mtu wa kumwonyesha nguvu zako. Ukiendelea na jambo, basi ni kwa sababu unalitaka lenyewe. Kijana anaweza kufika hapo pia. Mimi nilifika nikiwa na miaka thelathini kasoro, kwa kutembea kando ya baiskeli isiyo yangu.

Msimu ule ule wa kahawa nilinunua nyingine. Tuliendesha pamoja Jumamosi nyingi, mimi nyuma, yeye mbele, mpaka macho yake yalipofifia. Jumamosi yake ya mwisho hakuniambia ni ya mwisho. Aliegemeza baiskeli ukutani, akaniuliza kama nimeona jinsi maharage ya watu wa Ruanda yalivyochanua, akaingia ndani kuota moto.

Kijana mwenye ule uzi, naomba usiwachukie wenzako walioacha. Walikuwa wanajipima, wamepata majibu yao, waache waende. Kaa na hao wenye magoti mabovu. Na siku ukijikuta uko mwisho kabisa, kilima kimekushinda, umeshuka unasukuma, angalia mbele kuna nini.

Nimemaliza, kidole kinauma. Nani humu amewahi kuacha jambo alilolipenda, na hajui hata ni siku gani aliliacha? Andikeni hapa chini, nasoma zote, ila majibu yangu yatachelewa.

Mzee Lameki, Mbozi.